Nishikie Vioo

Kaka yangu hakuwahi kuniomba picha hata siku moja, mpaka mwaka huu goti lake lilipomshinda.

Alikuja studio kwangu Ujiji asubuhi, nikiwa nampiga mwalimu mmoja picha za pasipoti. Akakaa kwenye benchi, akanisikiliza nikimwambia mwalimu atulie, asipepese macho, ashushe kidevu kidogo. Mwalimu alipoondoka, kaka akaniambia kwamba daktari amemkataza mbio za pikipiki. Goti la kulia limekwisha. Angekimbia Mwandiga Jumamosi, mara ya mwisho, kisha pikipiki yake ya mbio aiuze na abaki na gereji yake ya Rusimbi. Halafu akasema, macho yake yakiwa sakafuni, "Mdogo wangu, ningependa nibaki na picha moja. Nikiwa nakimbia."

Nilimjibu harakaharaka kwamba nitakuja, lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Zamani nilikuwa mpiga picha wa mbio za magari. Morogoro, Tanga, Iringa, popote magari yalipotimua vumbi mimi nilikuwa nimelala kwenye nyasi za pembeni na kamera yangu, na nilikuwa na dharau zisizo na kipimo. Walikuwepo wenzetu wachache ambao wakikosa picha walimbembeleza dereva apite tena, taratibu, baada ya mbio kwisha. Sisi tuliojiona mafundi tuliwaita wapiga picha wa harusi. Kisha mama akapooza upande mmoja, nikarudi Ujiji kwa wiki mbili, na zile wiki mbili zikawa miaka kumi na minne. Nikafungua studio. Nikawa mpiga picha wa harusi.

Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo siwezi kumsingizia marehemu. Kila kiangazi, mahindi yakishavunwa, waendesha bodaboda wa huku kwetu hukutana Mwandiga wakashindana kulizunguka shamba tupu, na kila kiangazi kaka yangu alikuwemo. Sikwenda hata mara moja. Nilisema nina kazi. Ukweli ni kwamba niliona zile si mbio. Mtu aliyepiga magari ya Tanga atawapigaje watu wanaozunguka mabua ya mahindi? Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, huku napanga maua ya plastiki nyuma ya bibi harusi.

Kamera yangu ya mbio ilikuwa kwenye sanduku la mama, nimeiviringisha kwenye kanga pamoja na kifuko cha mchele wa kunyonya unyevu. Unyevu wa ziwa hauna adabu. Ukungu ulikuwa umeota pembeni mwa lenzi ndefu, nikaufuta ulipofutika na kuuacha ulipokataa. Ningeweza kwenda na kamera ya studio, iliyo mpya na nzima. Nilikataa, kwa ukaidi tu.

Jumamosi nikafika Mwandiga mapema. Akina mama waliokuwa wakichoma ndizi kando ya shamba walinipokea kwa salamu ya "mwakeye", wakaitazama ile lenzi, wakaulizana kwa Kiha kama mimi ni wa serikali. Viroba vya mchanga vilikuwa vimepangwa kwenye kona. Vumbi jekundu lilikuwa limeshaanza kupanda kabla hata ya mtu kuwasha chombo.

Wana desturi yao pale, ambayo kwa miaka yote ile nilikuwa nimeisikia tu. Kabla ya mbio kila mwendeshaji anafungua vioo vyake vya pembeni, kwa sababu akianguka vitavunjika na vitamkata, na anampa mtu wa nyumbani kwake avishike. Si rafiki, si jirani. Ni mtu wa nyumbani. Wake walikuwa wamesimama na vioo kifuani, mzee mmoja alikuwa ameviweka vya mwanawe ndani ya kofia yake. Miaka yote shemeji yangu ndiye aliyemshikia kaka. Safari hii kaka alinijia mimi, akaniwekea vioo viwili mkononi, akasema, "Nishikie vioo." Shemeji alikuwa hapo hapo. Nilivifunga kwenye kanga nikavitia begini.

Mbio zilikuwa mizunguko mitano. Kaka, mwenye miaka hamsini na mmoja, alikuwa katikati ya watu wanaoweza kuwa wanawe. Mzunguko wa kwanza sikupata kitu, walipita wote ndani ya wingu moja la vumbi. Wa pili nilimwona vizuri, nikampiga. Wa tatu nikampiga tena, na safari hii nilijua nimempata, nilisikia mwilini kama nilivyokuwa nikisikia zamani. Nikafurahi kijinga.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Zamani sheria yangu ilikuwa kutokutazama picha kabla mbio hazijaisha. Lakini studioni ukishapiga unatazama, unamwonyesha mteja, mnakubaliana. Basi nikainamisha kichwa nikaangalia. Wakati nimeinama, kaka alipita mzunguko wa nne mbele yangu. Nilisikia tu mlio wake ukiniacha.

Na nilichokuwa nakiangalia hakikufaa. Pikipiki inayokimbia hupigwa kwa kufuatwa. Unaliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu kidogo, unageuka pamoja na chombo kuanzia kiunoni, unabonyeza huku ungali unageuka. Ukipatia, mtu anatoka wazi na vyote vya nyuma yake vinavutika kuwa michirizi. Mimi nilikuwa nimeweka kasi ya kamera juu kabisa, nimekita miguu chini na kubana pumzi, kana kwamba nampiga mwalimu picha ya pasipoti. Kila kitu kiliganda. Ungeweza kuhesabu spoku za magurudumu. Ungeweza kuhesabu majani ya michikichi kule nyuma.

Nikarekebisha kamera, nikageuza kiuno kwa mazoezi, nikamngoja mzunguko wa tano. Walipita wote isipokuwa yeye. Mnyororo ulikuwa umekatika upande wa pili wa shamba. Alikuja akisukuma pikipiki kwa mikono, huku akichechemea, na watu wakampigia makofi mpaka alipofika.

Alitaka kuziona. Nilimwonyesha, ningefanyaje. Akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, akairudia ya kwanza. Kijana mmoja aliyekuwa ameshinda nafasi ya tatu akachungulia begani kwake, akasema mzee yuko kijiweni anangoja abiria. Wote walicheka. Kaka naye alicheka, akasema kweli, hapa kilichobaki ni kuniuliza bei. Alicheka kwa ajili yangu, nisijisikie vibaya, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Akaunganisha mnyororo kwa kiungo cha akiba, akaomba vioo vyake, akavifunga. Shemeji alirudi na wenzake kwa basi dogo. Mimi kaka alinipakia nyuma. Tukashika njia ya Ujiji. Kwenye kioo cha kulia nilikuwa naiona nusu ya uso wake, umejaa vumbi jekundu, na hakuwa akinitazama. Alikuwa na huzuni. Namjua kaka yangu tangu ananibeba mgongoni kunipeleka ziwani, na huzuni yake naijua. Nilijichukia, sina neno laini zaidi la kusema.

Ujiji aliteremka mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akasimamisha pikipiki ili ailoweshe maji kuondoa vumbi. Ilikuwa alasiri. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, na wanawake wawili walikuwa wakiwageuza. Njia ya udongo inapita pale kando ya maji, imenyooka, haina mtu. Niliitazama njia ile. Nilikumbuka Tanga, na wale tuliokuwa tukiwacheka. Nikafungua begi.

"Kaka," nikasema, "pita tena."

Akaniuliza nina maana gani, nami nikamweleza kwamba aende mpaka kwenye ule mwembe mdogo, ageuke, aje kwa mwendo wowote atakaoweza. Nilimwambia mwendo hauna shida, shida ilikuwa yangu. Nilitegemea atakataa, maana na yeye ana kiburi chake, tumezaliwa tumbo moja. Badala yake alichukua spana kutoka chini ya kiti. Akafungua kioo cha kushoto, akafungua cha kulia, akaniwekea mkononi.

"Nishikie vioo," akasema.

Kuiwasha hakuweza. Goti lilikuwa limevimba tayari, na pikipiki ile inawashwa kwa teke la mguu. Basi niliviweka vioo begini, nikapanda mimi, nikaipiga teke mara tatu mpaka ikakubali, na wale wanawake wa dagaa wakaacha kazi kututazama.

Nikampisha, akaenda kugeukia mwembeni. Alikuja taratibu sana. Mtu wa baiskeli angempita. Lakini alikuwa ameinama juu ya usukani vilevile kama Mwandiga, viwiko vimetanuka, kidevu kiko chini. Niliacha jicho la kamera wazi, tena kwa muda mrefu zaidi, nikamshika tangu mbali, nikageuka naye kutoka kiunoni bila kubana pumzi. Nikabonyeza, nikaendelea kugeuka mpaka akanipita na kuniacha natazama mji.

Sikuitazama picha. Nilimngoja arudi na kuzima pikipiki, nikampa kamera aione kwanza yeye.

Ziwa lilikuwa limevutika kuwa mistari ya buluu na nyeupe. Dagaa na mchanga na kanga za wale wanawake, vyote vilikuwa upepo. Magurudumu hayakuwa na spoku hata moja. Katikati yake kaka yangu alikuwa wazi kabisa, mpaka mvi za kidevuni, na alikuwa anakwenda kasi ya kutisha. Aliishika kamera kwa mikono miwili kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nakimbia hivi?" akauliza.

Alijua alivyopita. Mimi pia nilijua. Lakini nilimwelewa alichokuwa anauliza.

"Miaka yote ulikuwa unakimbia hivi, kaka. Mimi ndiye sikuja kuona."

Akanirudishia kamera kwa uangalifu, akanyoosha mkono, nikampa vioo. Alifunga cha kushoto. Nikaiwasha tena pikipiki, nikahamia kiti cha nyuma. Akafunga cha kulia, akakaa mbele yangu, na kabla ya kuondoka akakigeuza kile cha kulia kidogokidogo, mpaka akaniona.