Mwaija, fundi wa Korogwe anayesoma mikunjo ya viti vya ngozi

Saa mbili asubuhi, Mwaija Mdoe anavua kandambili zake, ananawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko, kisha anaingia kwa magoti ndani ya gari jeupe ambalo bado linanukia upya. Hagusi usukani, wala habari ya injini haimhusu. Anainua ncha ya nailoni iliyofunika kiti cha mbele, anasogeza pua, anafumba macho na kuvuta harufu.

"Hiki kimechemka," anasema. "Kimechemka miezi."

Mwandishi naye anasogeza pua yake. Anachosikia ni harufu ya gari jipya, ile ambayo wengine tunaisikia tukipewa lifti tu.

Tuko Manundu, mjini Korogwe, kwenye banda la mabati lenye cherehani moja kubwa, marobota ya sponji na viti vitatu vya lori vilivyoegemezwa ukutani. Mwaija ana miaka 41. Kwa miaka 19 amekuwa akishona na kutibu viti vya magari, na kwa kipindi kirefu kati ya hiyo, wateja waliofika bandani walimsalimia vizuri, wakakaa kwenye benchi, wakauliza fundi atarudi saa ngapi.

"Nilikuwa nawajibu, atarudi sasa hivi," anacheka. "Halafu naanza kazi."

Mwandishi alikuja kuandika habari za mwanamke anayefanya kazi ambayo wengi huiita ya wanaume. Hakujua kwamba siku hiyohiyo ingeletwa kesi, na kwamba hakimu angekuwa kiti.

Gari lile jeupe ni la Hafsa Mhina, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi huko Mombo, mkazi wa Korogwe. Wanaomfahamu humwita Mama Sabiri, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Amelinunua miezi mitano iliyopita, jipya kabisa, viti vya ngozi tupu. Amekuja nalo leo akiwa na hasira ambazo hajaribu kuzificha, na amemleta dereva wake, Elisha, kijana wa miaka 27 kutoka Handeni.

Elisha anamwamkia fundi shikamoo kwa sauti ndogo na kusimama pembeni ya banda. Mkononi ameshika funguo za gari. Ameambiwa asubuhi kwamba akitoka hapa huenda asizishike tena.

"Nimemleta makusudi, asikie mwenyewe, asije akasema nimemsingizia," anasema Hafsa. "Kila asubuhi ananipeleka Mombo, anarudisha gari nyumbani, jioni ananifuata. Mimi nakaa mbele. Watoto wako shule za bweni. Mama yangu ninayeishi naye hapandi, anasema gari hili linamtia kichefuchefu. Sasa niambie, dada, kiti cha nyuma kimekunjwa na nani? Na kilometa zinapanda kila wiki, mafuta hayapungui! Huyu anabeba abiria kwenda Handeni. Anajaza mafuta kwa hela za abiria."

"Sijabeba abiria, Mama," anasema Elisha.

"Basi sema nani."

Elisha anatazama chini. 

Hafsa anataka mambo mawili. Kwanza, fundi athibitishe kwamba viti vimekaliwa na watu wengi, ili amwachishe kijana kazi akiwa na ushahidi. Pili, ngozi yote ing'olewe, viti vivalishwe upya. Kazi ya namna hiyo Mwaija huitoza shilingi laki tisa, na haipati mara nyingi. Mwezi mzima wa kushona viti vya bodaboda na makochi haumfikishi nusu yake.

"Mimi si polisi, Mama Sabiri," anajibu Mwaija. "Lakini kiti nitakitazama. Kwanza tuvue hii nailoni."

Hapo nusura pazuke ugomvi mwingine. Hafsa anasema gari lina miezi mitano tu, nailoni ya nini kutolewa? Yeye mwenyewe ameilinda isichanike ili viti vibaki vipya.

Mwandishi hana haki ya kumcheka, maana kwao kochi lilikaa na nailoni yake mpaka mtoto wa kwanza akamaliza darasa la saba.

"Nailoni ni ya safari ya kutoka kiwandani tu, mama, kama karatasi ya sabuni," Mwaija anamwambia kwa upole. "Sabuni huogei na karatasi yake. Ngozi inapumua. Ukiifunga kwa hili joto letu, jasho linabaki ndani, ngozi inalainika kama imechemshwa, mtu akikaa inakunjwa na mkunjo unabaki pale pale. Gari lako lingevuliwa siku ya kwanza, hii mikunjo ungeiona baada ya miaka mitatu."

Anasema hilo ndilo kosa kubwa la watu wa Korogwe na Handeni: kulinda kitu mpaka kiharibike. La pili ni kupaka viti mafuta yoyote. Mteja mmoja wa Handeni alipaka viti samli ili ving'ae, akaegesha gari usiku karibu na ghala la mahindi. Asubuhi akakuta panya wamekula kiti cha nyuma mpaka wamefika kwenye chuma.

Nailoni inavuliwa. Inatoa mlio wa kunata, na chini yake ngozi ina unyevu kama paji la uso la mtu mwenye homa. Mwaija anaiacha ipate hewa huku akisimulia alikoipata kazi hii.

Alizaliwa Kang'ata, wilayani Handeni. Babu yake, marehemu Ukasha, alikuwa mkulima aliyejulikana zaidi kwa kuwamba ngoma. Mwaija ndiye aliyekuwa akilowesha ngozi na kuzishika zikivutwa.

"Babu alikuwa ananifunga macho kwa khanga, ananipa vipande, nimwambie kipi cha mgongoni, kipi cha tumboni. Ya mgongo ni ngumu, haiachi umbo lake. Ya tumbo inalegea, inafanya makunyanzi upesi. Nikikosea ananirudishia kile kile, hanigombezi. Mpaka nipatie."

Siku hizi hafungwi macho, lakini bado huyafumba mwenyewe. Anafanya hivyo sasa, amepanda kiti cha nyuma, viganja vikitembea taratibu juu ya ngozi. Dakika zinapita. Hafsa anatazama saa yake. Elisha hatazami popote.

"Huku kulia hakujakaliwa," anasema Mwaija. "Katikati pia. Ngozi imelegea kwa joto tu, haina uzito wa mtu. Aliyekaa amekaa kushoto. Mtu mmoja."

"Mmoja?" anauliza Hafsa.

"Mmoja, na ni yule yule. Abiria wangekuwa wengi, kila mtu na mkao wake, mikunjo ingepishana kama njia za mbuzi. Hii yote inatoka hapa." Anaweka kidole mahali fulani. "Mwepesi huyu. Sponji halijashuka hata kidogo."

Mwandishi anainama, anakodoa macho. Ngozi tu. Anajiona mjinga, na wakati huohuo anasikia nywele za mikono zikimsimama.

Mwaija anaendelea, akizungumza zaidi na kiti kuliko na watu. Anasema mtu mwenye umri mdogo akishuka kwenye gari hujiburuza, ndiyo maana viti vingi huanza kuchakaa ubavuni. Huyu hajiburuzi. Anageuka kwanza, anatoa miguu yote miwili nje, anakaa ukingoni kitambo, ndipo anasukuma kwa mkono wa kulia na kuinuka. Ukingo umelala. Na pale mkono unaposukuma, ngozi imeingia ndani kwa upana wa kiganja.

"Njoo uweke mkono wako," anamwambia Hafsa.

Hafsa anaweka. Kiganja chake kinakuwa kikubwa kuliko lile bonde.

"Ni mtu mzima sana," anasema Mwaija. "Mwanamke, nadhani. Magoti yanamsumbua."

Mwaija anachomoa sindano ndefu kwenye kola ya gauni lake, anaiingiza polepole ndani ya upenyo kati ya kiti na mgongo wa kiti, anachokoa. Unatoka udongo mwekundu. Anachokoa tena. Zinatoka punje tatu ndogo, nyeupe, bapa. Anazidondosha kwenye kiganja cha Hafsa.

Hafsa anazitazama muda mrefu.

"Ufuta," anasema hatimaye, na sauti yake si ile aliyokuja nayo. "Elisha. Ni Bibi?"

"Aliniapisha, Mama," anajibu Elisha. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Alisema nikikwambia, hatakula. Jumanne na Ijumaa nampeleka shambani kwake, upande wa Handeni. Anapalilia kidogo, anakaa, anapalilia tena. Saa nane tunarudi. Mafuta ananunua mwenyewe."

Bibi huyo ni Amne, mama mzazi wa Hafsa, mwenye miaka 78. Mwaka jana alianguka shambani. Binti yake akamhamishia Korogwe, akampa chumba kizuri na runinga, akamkataza jembe. Bibi akakubali bila kelele. Alisema shamba amemkodishia jirani. Alisema pia gari jipya linamtia kichefuchefu.

Hafsa anapiga simu hapohapo na kuweka sauti ya nje. Bibi Amne anapokea akiwa mchangamfu, lakini akisikia neno ufuta, anabadilika.

"Huyo kijana umemfanya nini?" anauliza.

"Mama, mimi nauliza kuhusu wewe."

"Na mimi nakuuliza kuhusu yeye. Nilimwapisha mimi, kosa ni langu. Ukimfukuza, na mimi nafungasha."

"Mama, ulianguka. Nilikukuta chini. Nilidhani nimekupoteza."

Bibi anasema taratibu: "Najua, mwanangu. Lakini wewe ulinikataza. Hukuniuliza. Nalima tangu hujazaliwa, Hafsa, ufuta ule ndio uliokusomesha. Nikikaa kwenye lile kochi siku nzima naona kama nimeshazikwa, nasubiri tu mchanga."

Hafsa anageukia ukuta. Mabega yanatikisika. Mwaija anashuka garini, anampelekea kiti. Mwandishi anajifanya anaandika, ingawa kalamu haisogei. Amekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na miwili na hajawahi kuona ukweli wa namna hii ukichokolewa kwa sindano.

Baada ya muda Hafsa anajifuta uso kwa ncha ya mtandio na kumwita Elisha. Kijana anasogea, ananyoosha mkono wenye funguo. Hafsa anaukunja mkono ule, funguo zikiwa ndani, anauacha kwake.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutukana mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu." Kisha, kwa sauti ya mwajiri: "Ijumaa mnaondoka saa ngapi?"

"Nikishakushusha Mombo, Mama. Saa mbili na nusu."

"Basi Ijumaa hii sishuki. Dukani wataniona Jumamosi."

Kazi iliyobaki inachukua saa nne. Mwaija anapangusa kila kiti kwa kitambaa cha pamba chenye maji kidogo, anaacha vikauke kivulini milango ikiwa wazi, anapaka mafuta ya kulainisha ngozi kwa ncha za vidole, akifuata mikunjo mmoja mmoja. Hakuna kinachong'olewa. Anamwambia Hafsa wazi kwamba ngozi ni nzima, haina ufa hata mmoja, na anayemwambia avalishe upya anataka hela zake. Malipo ni shilingi elfu arobaini.

Na mikunjo, inatoka? Inalainika, anasema. Haitoki yote. Aliyekwambia ngozi iliyokaliwa inarudi kama haijakaliwa amekudanganya, na yeye hajawahi kumuahidi mteja jambo hilo.

Gari linapoondoka, Elisha yuko kwenye usukani na Hafsa amekaa nyuma, kushoto. Mwandishi anamuuliza fundi kama haumwi na ile laki tisa iliyomponyoka.

"Inauma, kwa nini isiume? Nilishaanza kuipangia," anasema, akikunja vitambaa vyake. Kisha anatua na kukaa kwenye benchi la wateja, benchi ambalo mwandishi hajamwona akilikalia tangu asubuhi.

Anaeleza kwamba mama yake, Bi Maryamu, bado yuko Kang'ata, peke yake. Ana miaka 70 na shamba la mahindi. Hapa Manundu, nyuma ya nyumba anayoishi, Mwaija amekuwa akijenga chumba kimoja kwa miaka miwili, tofali kwa tofali. Kimefika kwenye lenta. Laki tisa ingekiezeka, na kabla ya mvua angekwenda kumchukua.

"Yeye hajui," anasema. "Nilitaka iwe mshangao. Nimeshamchagulia mpaka rangi ya ukuta."

Anatazama viganja vyake, vyeusi kwa uchafu wa viti vya watu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo fundi huyu anaonekana hana hakika na kitu.

"Viti vya watu nimevisoma miaka kumi na tisa. Mama yangu mwenyewe sijui anaamkaje, anaanzia shambani upande gani, anapumzika wapi. Jumapili nakwenda Kang'ata. Habari ya chumba sitaitaja. Nitabeba jembe, nimwombe anionyeshe shamba lake."