Pengo la Wimbo wa Tatu

Tarehe 14 Machi 1977, fundi makochi mmoja alirekodi albamu ya kwanza ya bendi yake ya fanki, ambayo ndiyo ikawa ya mwisho. Nyuma ya jalada ametajwa mstari wa nne: gitaa la besi.

Walikuwa sita katika chumba kimoja, wakipiga kwa pamoja, na tepu ilikuwa moja. Katikati ya wimbo wa tatu uzi wa besi ulikatika. Ngoma haikusimama. Alinyamaza mapigo mawili, kisha akadandia tena kwa nyuzi tatu. Tepu ya kurudia haikuwepo.

Bendi ilivunjika mwaka uliofuata, lakini pengo lilibaki. Bendi za harusi hulipiga. Vijana wa kompyuta hulikata na kulibandika kwenye nyimbo zao. Wote hunyamaza palepale, wakidhani ni ufundi.

Mwezi uliopita msumari wa kochi ulimchoma kidole cha kati, mkono wa kushoto. Ana kisukari. Kidole kikawa cheusi, kikafuata cha pembeni yake. Daktari alisema vikatwe. Yeye akasema bado.

"Baba, sumu inapanda," binti yake alimwambia. "Unangoja ifike begani?"

"Nangoja nilizibe lile pengo. Mara moja tu."

"Sikio la kufa," alisema dada yake, aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Hata hivyo, Jumapili alimletea gitaa. "Haya, mkaidi. Miaka yote unatutambia ungepiga nini pale. Tupigie."

Binti aliweka sahani ya albamu kwenye gramafoni. Baba yake alikaa kwenye kochi lililovuliwa kitambaa, springi zikilia chini yake. Wimbo wa tatu ulifika, na pengo likafika. Alibonyeza. Kidole hakikuuhisi uzi. Kilitoa mkwaruzo na kuacha usaha kwenye shingo ya gitaa. Mapigo mawili yakapita kimya, kama yanavyopita siku zote.

"Mmesikia?"

"Tumesikia pengo, kaka," dada yake alisema. Safari hii hakumtania.

Alisikiliza wimbo hadi mwisho. Kisha akamrudishia dada yake gitaa. "Legeza nyuzi, shingo isipinde. Litakaa sana bila kupigwa." Akamgeukia binti yake. "Mpigie daktari."

Alhamisi asubuhi atakatwa vidole viwili. Daktari hajaahidi kwamba vitatosha.