Upindo wa Mara Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifunga mifupa ya watu iliyovunjika, hata hospitali nzima ikasahau jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mama Plasta. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia: beseni la maji vuguvugu, kitanda cha chuma, kabati lenye kufuli, na sakafu yenye unga mweupe ulioshinda kila ufagio. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mgonjwa akianza kulia kabla hajaguswa, alimwambia, "Utalia baadaye, sasa nyoosha mkono."

Lakini kazi yake ilikuwa kazi. Kwanza soksi ya pamba, kisha pamba yenyewe tabaka mbili, ndipo plasta iliyoloweshwa. Mwishoni aliikunja ile soksi juu ya ukingo, halafu akaikunja tena, ili plasta isimkwaruze mtu. Wenzake walikunja mara moja wakaita mgonjwa mwingine. Upindo huo wa mara mbili ulikuwa sahihi yake, na kila alipouona njiani kwenye mguu wa mtu baki, moyo wake ulipata raha.

Wiki hiyo roli sita za plasta zilitoweka kabatini. Mshona nguo mmoja aliyevunjika kifundo cha mkono akafungiwa kipande cha ubao na bandeji, akaambiwa arudi roli zikipatikana. "Mama, huu ndio mkono wa mkasi," alisema yule mwanamke, akaondoka ameukumbatia. Mama Plasta aliapa kwamba mwizi akijulikana atakiona cha mtema kuni.

Siku ya pili, asubuhi, simu yake ililia. Mwanamke asiyemjua alimsalimu kwa adabu, akamtaja karani mmoja wa bima, akauliza kama yeye ndiye dada yake.

"Ndimi. Kuna nini?"

"Mimi ni mwenzake, dada. Amejifunga plasta tangu jana, mguu mzima, na vidole vimebadilika rangi. Tumemwambia akate, hataki. Nenda sasa hivi, nakuomba."

"Amevunjika lini?"

"Hajavunjika."

Mama Plasta alidhani anachezewa. Yule mwanamke akaeleza haraka, kama mtu aliyezoea kuchekwa. Walikuwa kikundi cha watu wazima, wametapakaa huku na huku, wanaokutana kwenye simu. Wanapenda plasta. Wengine wanapenda kufungwa, wengine kutazama, na ndiyo, kwa wengi ni kupenda kwa namna ya mwili. Wana sheria zao: haiibwi picha ya mgonjwa, hafungwi asiyetaka, na vidole vikibadilika rangi, plasta inakatwa papo hapo.

"Mna wazimu," alisema Mama Plasta, huku akitia mkasi mkubwa wa kukatia plasta mkobani.

Karani huyo, kitinda mimba wao, alikuwa na miaka thelathini na minane, mpole, hajawahi kugombana hata na jirani. Kila Alhamisi alimletea dada yake chakula kazini, akakaa kwenye kibao akimtazama anavyofanya kazi. Dada aliona ni mapenzi ya ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkuta sebuleni, mguu wa kushoto juu ya kiti, mweupe kutoka vidoleni hadi pajani. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, na ndani yake nyuso tano zilikuwa zikimsihi. Chini ya meza kulikuwa na roli mbili zisizofunguliwa. Na juu, pajani, soksi ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Upindo ule ulimchoma kuliko wizi wenyewe.

Alitoa pini, akamchoma kidole gumba cha mguu. Ndugu yake hakushtuka.

"Pamba uliweka?"

"Hapana."

"Miezi yote umekaa pale kwangu unatazama, pamba hukuiona?"

"Niliiona, dada. Lakini pamba inaacha nafasi. Nilitaka isikike imenishika." Aliinamisha kichwa. "Ikinishika ndipo natulia. Sijui kukueleza zaidi. Usiikate, haijawahi kunitokea vizuri hivi."

"Ukipoteza mguu huu utafunga plasta juu ya nini?"

Hakungoja jibu. Aliingiza mkasi chini ya ukingo, akakata upindo kwanza. Plasta ilikuwa nene, na jasho lilimtiririka, na alimtukana ndugu yake kuanzia pajani mpaka kifundoni. Ilipopasuka vipande viwili, mguu ulitoka umevimba, una mistari ya roli ngozini. Mtu mzima yule akaanza kulia, na Mama Plasta alijua hasa kwamba halii maumivu. Analilia ile plasta. Chuki ilimpanda.

Baada ya muda vidole vilianza kurudisha rangi. Akachoma tena, na safari hii mguu uliruka.

"Dada, tafadhali, vikoje?" aliuliza yule mwanamke wa simuni.

Mama Plasta hakupenda kumjibu. Hata hivyo aliichukua simu, akaielekeza vidoleni, wakaona wenyewe. Walishusha pumzi wote pamoja, kama jamaa waliokaa kwenye benchi lake wakingoja habari. "Mlifanya vyema kunipigia," alisema, "na msinipigie tena." Akazima.

"Ungenifunga wewe, isingenibana," alisema ndugu yake taratibu. "Mara moja tu, dada. Wewe unajua kufunga."

Alimtazama. Alikuwa amembeba mgongoni huyu, amemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Nitakufunga siku utakayovunjika," alisema. "Na Alhamisi usije."

Alimpeleka kwa daktari auangalie ule mguu, akamwacha hapo benchini. Zile roli mbili alizirudisha chumbani, akampigia mshona nguo.

Mshona nguo alifika mchana huohuo. Mama Plasta alimvalisha soksi, akazungusha pamba tabaka mbili, akalaza plasta na kuilainisha kwa kiganja. Kisha akakunja soksi juu ya ukingo, mara moja, akasimama, mikono ikingoja. Ukingo ungemkwaruza kidogo yule mwanamke, alilijua hilo.

Akaita mgonjwa mwingine.