Ndizi Niliyompa Kadogo, na Jina la Njeri Nililolitaja

Siweki jina langu hapa kwa sababu naona aibu. Lakini kosa ni langu, si la Njeri. Acheni niseme hivyo kwanza ndio nipate nguvu ya kuendelea.

Naishi Kambi Muru, hapa Kibera. Mpaka juzi nilikuwa nalisha tumbili na kuosha vizimba vyao kwenye kituo fulani cha utafiti. Kazi hiyo nilifanya na Njeri wa Kawangware. Huyo dada tulikula sahani moja! Nikiugua, ni yeye alikuja kunifulia.

Madaktari wa pale wanatafuta njia ya kusaidia watu ambao mikono imekufa baada ya ajali. Wanamdunga tumbili dawa mkononi, dawa inapanda polepole ndani ya mshipa wa fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Halafu wanamlaza na kumpiga picha kwa mashine ya MRI, na njia yote inaonekana iking'aa. Hapo wanajua amri ya kusogeza mkono hupita wapi.

Sheria ilikuwa moja. Mnyama wa kupigwa picha asile chochote asubuhi hiyo, kwa sababu akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na chakula, anaweza kutapika na kusongwa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kadogo. Tumbili jike, mpole, niliyemlea tangu aletwe. Akapitisha mkono kwenye waya, akalia kile kilio chake cha njaa. Jameni, nilishindwa! Nikampa ndizi. Nilijiambia ni kipande tu. Akamaliza yote.

Alitapika ndani ya mashine. Wakamtoa mbio, wakajaribu kila kitu. Woi! Nilisimama mlangoni nikiona mkono wake umelegea, na nilijua amekufa.

Daktari akatuita sote wawili.

"Nani alimlisha?"

"Si mimi, daktari," Njeri akasema.

Akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi nilimwona Njeri huko kwa vizimba na ndizi."

Haukuwa hata uongo mzima. Alikuwa anawapelekea wale wengine, na nilijua hivyo. Njeri hakupiga kelele. Aliita jina langu tu, mara moja. Akafutwa siku hiyo hiyo.

Mimi nikabaki na kazi. Kazi gani sasa! Baadaye wakamchukua tumbili mwingine, wakamdunga upya, waanze mwanzo. Mimi ndiye nilimshika. Alikuwa anatetemeka mikononi mwangu. Huyo hangedungwa kama si mimi.

Jumapili nikaenda Kawangware. Nikamkuta Njeri nje ya nyumba akianika nguo za watu. Siku hizo alikuwa anafulia majirani.

"Sasa Njeri."

Nikapiga magoti hapo kwenye maji ya sabuni, nikamwambia yote nikilia.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilijua si mimi. Enda uambie yule ulimdanganya."

Akachukua shati lingine, akaendelea kuanika.

Jumatatu nikasimama mbele ya daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndizi naielewa," akasema. "Ulimhurumia. Lakini Njeri alikukosea nini?"

Nikarudisha funguo, nikatoka.

Njeri aliitwa, akarudi kazini. Hilo ndilo jambo la pekee lililonyooka. Nikimpigia simu hashiki, na simlaumu.

Wewe unayesoma, ukikosea, sema papo hapo. Sema hata kama utafutwa kazi. Usiangalie kando kutafuta nani wa kubebeshwa, maana aliye karibu nawe kabisa ndiye anayekuamini.

Kadogo nilimuua kwa huruma. Njeri nilimuuza nikiwa na akili zangu timamu.