Darubini ya Mwalimu na Mumbi Watano

Mwenye duka aliniwekea mikononi darubini kubwa kuliko niliyoomba, kabla hata sijaiweka miwani yangu sawasawa. Duka lenyewe liko Chang'ombe, hapa mjini Dodoma, limebanwa kati ya fundi simu na muuza magodoro. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nistaafu, na nilikwenda pale kwa shughuli moja niliyokuwa nimeiahirisha maisha yangu yote ya kazi.

"Shikamoo, mzee. Chukua hii. Hii inavuta mpaka Mpwapwa, unamwona mtu anakunywa chai."

"Marahaba. Anakunywa na sukari au bila?"

"Ukizungusha hapa, hata sukari unaiona."

Juu ya boksi waliandika kwamba chombo kile kinakuza mara ishirini, ilhali chenyewe kimechorwa kumi kwa hamsini. Huo ni uongo, nami sina tabia ya kuuacha uongo ulioandikwa upite mbele yangu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba namba ya kwanza ni ya ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwamba mkono wa binadamu hutetemeka, na darubini hukuza mtetemeko huo pamoja na ndege. Kwamba mtu wa kusafiri na kutazama ndege anahitaji mara nane tu, kioo cha milimita ishirini na tano, na chombo cha kuingia mfuko wa koti. Kama ni mvaa miwani, achunguze iwapo vikombe vya kuegemea macho hukunjwa. Kisha atoke nje aitazame nguzo ya umeme. Akiona ukungu wa rangi pembeni mwa nguzo, airudishe darubini kabatini.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mzee, ulikuwa mwanajeshi?"

"Nilikuwa karani wa masjala."

"Sasa karani na darubini, wapi na wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Akanitolea ndogo, nyeusi, mara nane kwa ishirini na tano. Nikasimama kibarazani, nikafumba jicho la kulia, nikazungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto likaona. Kisha nikafumba la kushoto, nikarekebisha pete ya kulia. Vidole vilifanya hayo vyenyewe. Na hapo, ndugu yangu, katikati ya vumbi la Chang'ombe, nikasikia harufu ya mfuko wa ngozi uliopakwa mafuta ya ng'ombe, nikawa na miaka kumi na mmoja.

Nililelewa na bibi yangu, nje ya Mpwapwa, mahali ambapo bonde la mto wa mchanga linakutana na vilima. Tulilima uwele na mtama. Mvua ya kwetu haikuwa na ahadi: ilikuja ikitaka, ikaondoka bila kuaga, na uwele uliokubali kukomaa ulilindwa kama mtoto mchanga. Adui yake alikuwa kwelea, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, ajaye kwa wingu zima na kuondoka na shamba zima. Kwa hiyo watoto tuliamia. Tangu alfajiri tulipanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, tukapiga madebe, tukarusha madongo kwa kombeo, tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Saa nne bibi alituletea uji wa uwele uliochachuka kidogo, ndani ya kibuyu. Jioni ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na kijiko cha karanga zilizotwangwa iwapo siku ilikuwa njema. Hadi leo nikila mlenda wa hotelini huwa nausamehe tu.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na darubini. Aliachiwa na padri mmoja mzee wa misheni aliyerudi kwao, nayo ilikuwa ndogo, ya kukaa kiganjani, ndani ya mfuko wa ngozi. Mwalimu hakuwa mkarimu wa vitu, ila alipenda daftari safi, na langu lilikuwa safi. Msimu wa kuamia ulipoanza aliniita, akanivika mkanda wa ile darubini shingoni.

"Usimtafute ndege kwa darubini," alinifundisha. "Mtafute kwa macho, umkazie, kisha pandisha darubini bila kuondoa macho kwake. Viwiko vibane mbavuni. Ukishamwona, andika. Ndege usiyemwandika hukumwona."

Niliandika. Siku, saa, mahali, hali ya hewa, idadi. Niliwaandika cherero, kasuku wale wadogo wa kijani na njano waliopiga makelele migungani. Niliwaandika kwenzi wa kijivu, hondohondo wenye midomo myekundu, na kanga waliopita foleni. Lakini niliowapenda walikuwa mumbi.

Huenda hujapata kumwona. Mumbi ni ndege mkubwa mweusi, karibu ukubwa wa bata mzinga, mwenye ngozi nyekundu usoni na kooni na kope ndefu kama za msichana. Hapendi kuruka, hutembea chini pamoja na jamaa zake, taratibu, akiokota panzi na nyoka. Kabla ya jua kuchomoza huunguruma kwa kupokezana, sauti nzito kama ya mtu apulizaye ndani ya mtungi mtupu. Bibi aliposikia sauti ile alitazama upande wa vilima akasema mvua imeitwa. Bonde letu lilikuwa na mumbi watano. Walilala katika mti mmoja mrefu uliosimama ukingoni mwa kichaka cha migunga, na kila asubuhi nilipokuwa dunguni niliandika: mumbi, watano.

Bibi hakuipenda darubini. Kwake ilikuwa mwiko kunyoosha kidole kwenye kiota, maana mayai yangeoza. Alinikuta siku moja nimeielekeza juu ya ule mti.

"Mjukuu wangu, unaonyesha nini?"

"Sionyeshi, bibi. Natazama tu."

"Hicho nacho ni kidole," akasema. "Tena kirefu."

Nilimcheka kwa siri. Nilikuwa mtoto wa shule.

Mwaka ule kwelea walikuja kwa wingi ambao bibi mwenyewe hakuukumbuka. Madebe yalipigwa hadi yakatoboka. Bwana shamba akaja kwa pikipiki, amevaa soksi ndefu, akawauliza wazee ndege wale wanalala wapi. Mmoja akasema kule, mwingine akasema ng'ambo, wa tatu akasema kwelea hawalali kabisa. Nikatoa daftari langu. Nikamsomea: kichaka cha migunga, mashariki ya mto, huanza kuingia saa kumi na mbili kasoro robo jioni, hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikamvika darubini, nikamwelekeza. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote. "Huyu atafaa ofisini," akasema. Miaka mingi baadaye barua yake ndiyo iliyonifungulia mlango wa utumishi.

Ukurasa wa pili wa daftari ulikuwa wa mumbi. Nao ulitaja mti wao, ukingoni mwa kichaka kile kile. Sikuusoma. Aliuliza kuhusu kwelea, nami nilijibu nilichoulizwa.

Ndege ya kumwaga dawa ilipita jioni ya siku ya tatu, chini chini, mara nne. Watu walishangilia. Asubuhi ardhi chini ya migunga ilikuwa imefunikwa na kwelea, laini kama majivu, wengine wakitikisa bado bawa moja. Tulikatazwa kuwaokota. Mumbi hakuna aliyewakataza.

Nilikuwa nimesimama na mwalimu kwenye ukingo wa mto. Darubini ile ilikuwa nzuri mno. Ilileta kila kitu karibu. Walikuja kwa miguu kama kawaida yao, wakala kwelea kwa utulivu, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokaribishwa. Jua lilipopanda, mmoja akaanza kuyumba. Akakaa kitako, jambo ambalo mumbi halifanyi. Wenzake wakamzunguka. Mmoja akamletea kwelea mdomoni.

Nilitaka kurudisha darubini. Mwalimu hakuipokea. "Andika," akasema, na sauti yake haikuwa ya darasani. Nikaandika: mumbi, watano, mmoja mgonjwa. Kesho yake: wamebaki wawili. Siku iliyofuata mwalimu mwenyewe alichukua kalamu akaandika: hakuna. Baada ya msimu akafunga darubini sandukuni, na sikumwona tena akiitoa.

Uwele wetu ulipona. Sitalificha hilo, maana kumbukumbu ya upande mmoja si kumbukumbu. Vihenge vilijaa, na hakuna mtoto wa bonde lile aliyelala na njaa. Bibi alisonga ugali, akatuwekea mlenda, akala. Asubuhi moja alitoka nje kabla ya jua, akasimama muda mrefu ameelekeza sikio vilimani, kisha akarudi kuwasha moto. Hakunilaumu. Hakutaja kidole. Afadhali angetaja.

Nilifanya kazi masjala miaka thelathini na minne. Jalada halikupotea mikononi mwangu. Siku moja, nikipanga ya zamani, nikafungua jalada la mapambano dhidi ya kwelea, na ndani yake mlikuwa na taarifa ya bonde letu. Ilisema zoezi limefanikiwa, wananchi wameshukuru, na hakuna madhara yoyote kwa viumbe wengine. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, ina sahihi na muhuri. Nilikaa nayo mchana kutwa. Kalamu ilikuwa mfukoni na karatasi ya dokezo ilikuwa mbele yangu. Lakini karani haandiki dokezo asiloombwa. Nikalirudisha mahali pake. Muda wake ulipokwisha, niliandaa mwenyewe orodha ya majalada ya kuteketezwa, na hilo lilikuwemo.

Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Mpwapwa, kisha bodaboda hadi bondeni. Kijana aliyenibeba aliitazama darubini kifuani mwangu.

"Mzee, mnapima viwanja?"

"Natafuta ndege."

"Ndege gani?"

Nilimweleza. Akafikiri kwa heshima. "Labda kwenye simu, mzee. Huku tuna kunguru."

Nilipanga chumba, nikaenda pale asubuhi tatu mfululizo, kabla ya jua. Migunga imekwisha kwa mkaa. Mahali pa ule mti mrefu pana tanuri la matofali, na kando yake nguzo za saruji zenye namba za viwanja. Kwelea wapo; wao hawakuisha. Walipita juu yangu kwa wingu lile lile, na mama mmoja alikuwa akipiga debe peke yake, watoto wake wakiwa shule. Nilibana viwiko mbavuni kama nilivyofundishwa. Chombo nilichonunua ni kizuri, hakina ukungu pembeni. Kilinionyesha kwa usahihi kabisa kwamba hapana kitu.

Asubuhi ya tatu mama yule aliacha debe akanijia. "Shikamoo, baba. Nyie ndio wa serikali? Mnaleta lini ile ndege ya dawa?"

Nikamwambia mimi si wa serikali tena.

"Lakini una darubini. Si ungetuonyeshea tu wanapolala?"

Nilikuwa nimekwisha kupaona. Tangu jioni niliyofika nilipaona: matete ya upande wa chini, huingia saa kumi na mbili kasoro robo. Nyuma ya mama uwele ulikuwa umeinama, mashuke nusu yamebaki makapi. Ndugu yangu, nilimtazama mama yule, sikusema neno. Kama nilimwokoa ndege wa mwisho au nilimnyima mtoto uji, sijui, na umri nilionao hautanifundisha.

Daftari la utotoni ninalo. Siku aliyokuja bwana shamba nimeandika humo, kwa mwandiko safi: kichaka cha kwelea kimeonyeshwa. Halisemi nani alionyesha. Niliporudi mjini nilichukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikaongeza pembeni: aliyeonyesha ni mimi, mti wa mumbi niliujua, sikusema. Nikatia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Jalada limeteketea, mwalimu na bibi wamekwisha kuzikwa, na wa kulisoma daftari hayupo. Hakuna aliyeniuliza.