Ukiniambia Ukweli

Kwa miaka ishirini na miwili Lorraine Yurkanin alikuwa afisa wa probesheni katika mahakama ya kaunti, kwenye milima ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Kazi yake ilikuwa kuwachunga watu wazima waliopewa kifungo cha nje. Walimjia kila baada ya wiki mbili, akawapima mkojo, akawauliza wanafanya kazi wapi na wanalala kwa nani. Majumbani aliwazukia bila taarifa. Aliyekosea alimwandikia ripoti kwa jaji. Na kila mgeni alimpa maneno yale yale: ukinidanganya utaingia ndani, ukiniambia ukweli nitakutetea.

Dwight Shemanski, fundi wa mabomba aliyenaswa na vidonge vya kulevya, aliyaamini. Miezi kumi na saba hakukosa siku wala mkojo wake haukukutwa na dawa. Ulimbakia mwezi mmoja awe huru.

Ijumaa moja ya mwisho wa Novemba alikuja mbio. Mama yake alikuwa mahututi Ohio, jimbo la jirani, na mtu wa kifungo cha nje havuki mpaka wa jimbo bila kibali chenye sahihi ya jaji. Naye Jaji Hollenbach, kama nusu ya wanaume wa kaunti ile, alikwishaingia msituni kuwinda kulungu, kwenye kibanda kisicho na simu. Msimu ukianza, mahakama hufungwa hadi Jumanne, na hakuna anayeona ajabu.

"Tia sahihi wewe, Bi Lorraine. Mama hafiki Jumanne."

Maafisa wa zamani walikuwa wakifanya hivyo, wakamweleza jaji akirudi. Lorraine alilijua hilo. Lakini alimwogopa mkubwa wake wa kazi, akaihofia na pensheni yake, akamwambia asubiri.

Dwight hakusubiri, na nani angesubiri? Jumanne asubuhi alirudi, macho mekundu, akaketi. Hakuna aliyemwona akienda wala akirudi. Angenyamaza, mambo yangekwisha hapo.

"Nilikwenda," alisema. "Alinitambua. Nikamlisha supu vijiko vitatu. Jumapili akafa."

"Kwa nini unaniambia mimi, Dwight?"

"Si wewe uliyesema nikwambie?"

Afisa akishasikia, sheria inamtaka aandike, na Lorraine aliandika, huku akijichukia. Mwishoni aliongeza kwamba anapendekeza onyo tu. Mkubwa wake akasema idara haiwezi kuonekana laini, akaufuta mstari ule kwa kalamu nyekundu, ripoti ikachapwa upya. Lorraine akatia sahihi. Sahihi ya kumwokoa mtu iliushinda mkono wake, hii haikuushinda.

Kesho yake kesi ilisikilizwa kwa dakika tisa. Jaji alikuwa bado hajanyoa ndevu za msituni. Aliuliza kama afisa ana la kuongeza. Dwight akageuka kumtazama, ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kuahidiwa. Mkubwa alikuwa benchi la nyuma.

"Sina, Mheshimiwa," alisema Lorraine.

Ikawa miezi sita jela. Wakati wanamfunga pingu, Dwight alimwita taratibu, bila hasira, na afadhali angemtukana.

"Mama anazikwa Ijumaa. Mpigie dada yangu, mwambie wasinisubiri."

Alimpigia. Dada mtu alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Mchana aliingia mtu wa zamu iliyofuata, mama mmoja mpishi wa shule, Patrice Gombar, aliyekatazwa pombe mwaka mzima. Aliketi ukingoni mwa kiti, akikung'uta kung'uta mkoba.

"Bi Lorraine, wewe ulisema tukwambie ukweli. Basi juzi, kwenye harusi ya—"

Lorraine aliinuka, akaenda kufunga mlango.

"Patrice," alisema, "usiniambie."