Mluzi Aliousikia Nasike

Majengo walisema Andati ni fundi mwenye maringo. Ukipita nyuma ya kibanda chake ukamsalimu, hakugeuka. Aliendelea kuinamia redio za watu kana kwamba ndugu zake wote wamo humo ndani. Tangu amzike mkewe huko Kakamega, hakuna aliyemzoea tena, naye hakuonekana kumtafuta mtu.

Mwaka wa themanini na sita, Mutisya, dereva wa Pijo ya abiria wa Machakos, alimrudishia amplifaya ya kukuza sauti ya redio ya gari kwa mara ya pili.

"Fundi, hii kitu bado inapiga mluzi. Hata nikizima gari! Abiria wananiuliza kama nafuga mbu."

"Niliipima hapa mezani. Ilikuwa kimya."

"Kimya kwako. Nitapita jioni. Ikikushinda, sema, niipeleke kwa mafundi wa River Road."

Alipoondoka, Andati aliiunga amplifaya kwenye betri, akaunga spika, akatega sikio. Kimya. Akafungua sauti hadi mwisho. Kimya kilekile. Alikuwa karibu kumcheka Mutisya moyoni alipopigwa kofi la begani. Akageuka. Nasike, muuza njugu wa kibanda cha nyuma, alikuwa amesimama na mwiko mkononi, uso ameukunja.

"Baba, nimekuita mpaka koo imekauka! Zima hicho kidude, kinanitoboa masikio!"

Andati aliitazama spika, akamtazama yeye.

"Kinalia?"

Nasike alifungua kinywa amjibu kwa mzaha, kisha akaona hatanii.

Fundi akakaa. Miaka hii, kwa kuwa aliyesimama mbele yake alimwelewa, alikuwa akidhani mvua imekuwa ya upole juu ya mabati. Alikuwa akidhani ndege wameihama Majengo. Na huyu Mutisya akijua, River Road yote itajua, na nani atampelekea redio fundi asiyesikia?

"Keti hapa mbele yangu," akamwambia. "Ikinyamaza, uniambie."

Akachukua kijiti cha mshikaki, akaanza kubonyeza vipande vya ndani ya amplifaya, kimoja baada ya kingine, macho yakiwa usoni mwa Nasike.

"Bado. Bado. Ai, hapo umeiudhi! Bado... Hapo. Hapo imekufa."

Kijiti kilikuwa kimekandamiza kapasita kubwa. Upande wa chini, penye mguu wake, risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Akaiyeyusha upya, akaondoa kijiti, akangoja. Uso wa Nasike ulibaki umetulia.

"Kumbe salamu zangu zote zile," alisema mwanamke huyo, taratibu, "zilikuwa zinaanguka tu."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Mimi nauza njugu."

Mutisya alipita, akaijaribu, akapiga makofi. "Mzee, una masikio ya paka!"

Andati alimtupia Nasike jicho. Alikuwa ameinamia karai lake, akigeuza njugu. Hakuinua kichwa.

Jua lilipotua, fundi alitia kufuli mlangoni. Akahisi kama kuna mtu amepita nyuma yake. Akageuka upesi, akainua mkono, akaita kwa sauti kubwa, "Salama! Salama sana!"

Njia ilikuwa tupu. Kibanda cha Nasike kilikuwa kimefungwa, wala hakujua kama mwanamke huyo alikuwa amemuaga wakati wa kuondoka.